Andikeni Hata Kunguru

Mazungumzo na wakazi wa Tudor, Mombasa. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuja, na mizaha nimeipunguza kidogo.

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioko mbele, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili iwe rahisi kutoroka, karibuni. Mimi nilisomesha baiolojia miaka mingi, nikastaafu, na sasa kazi yangu ni kuhesabu kunguru. Chekeni tu. Mume wangu naye alicheka, hadi jioni moja nikamkuta roshani na penseli yangu, ananiambia ninyamaze asije akapoteza hesabu.

Nianze na swali. Nani leo amemwona kunguru? Naona mikono yote. Haya, nani leo amemwona mnana, yule ndege wa manjano anayesuka kiota? Mikono mitatu, na mmoja anatoka Mtwapa, kwa hivyo tunamtoa. Chozi? Shorewanda? Ahsanteni. Swali la mwisho: nani ana daftari, hata la kufanyia hesabu za duka, lililoandikwa siku fulani, mahali fulani, niliona kunguru kadhaa na mnana kadhaa? Hakuna. Basi hilo ndilo lililonileta.

Kunguru huyu mwembamba mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Kwao ni Bara Hindi. Alipelekwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akazaana, na mwaka 1947 akaonekana hapa Mombasa. Mwaka huo tunaujua kwa sababu kuna mtu aliyemwona ndege mgeni akaandika. Mstari mmoja tu, na leo miaka zaidi ya sabini baadaye mimi nasimama hapa nautaja. Lakini yaliyofuata baada ya hapo? Nyanya yangu alikuwa akitusimulia kwamba mti wa mkungu wa uani kwao ulijaa viota vya mnana hata matawi yakainama, na kelele za ndege hao ndizo zilizomwamsha kabla ya adhana. Nikamuuliza, vilikwisha lini? Akasema, zamani. Vilikuwa vingapi? Tele.

Zamani na tele. Huo ndio urithi aliotuachia, na simlaumu, maana hakuna aliyempa penseli. Ukimpelekea mtafiti maneno hayo atakusikiliza kwa adabu, atakukaribisha chai, kisha utaondoka na yeye atarudi kwenye kazi yake. Kunguru wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, hilo kila mwenye macho amelishuhudia. Ila kwamba mtaa wetu ulikuwa na viota kadhaa mwaka fulani, na mwaka fulani ukabaki na sifuri, hilo hatuwezi kulithibitisha mbele ya mtu yeyote.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hawa kwa sumu, na lengo likatajwa kuwa ni kunguru milioni moja. Si mara ya kwanza kwa kunguru wa pwani hii kutiliwa sumu. Mimi siwatetei, wameshanibebea vifaranga na kipande cha sabuni juu yake. Swali langu ni la kitoto: tutajuaje kama hapa Tudor wamepungua? Mtoto akiwa na homa unampima kabla ya dawa na baada ya dawa. Usipompima kabla, utabaki kusema, "Naona kama kapoa." Na kuna jambo jingine. Tunaye kunguru mwingine, mwenyeji, mkubwa kidogo, mwenye kifua na shingo nyeupe pe kama amevaa kanzu chini ya koti. Wengi wenu mnawaita wote kunguru tu. Tusipowatenganisha katika daftari, hatutajua yule wa asili amepatwa na nini.

Namna ya kuwahesabu ni hii, na hauhitaji shahada. Kunguru hulala pamoja, mamia kwa mamia, kwenye miti waliyoizoea, na jioni hurudi kwa njia zilezile. Chagua sehemu moja inayoona mbingu vizuri, roshani, sakafu ya juu, ufukweni. Keti saa moja kabla ya magharibi. Andika saa uliyoanza, na kila kundi linalopita kuelekea malalo, hesabu. Likiwa kubwa, hesabu kumi, uone kumi zinachukua nafasi gani angani, kisha ulipime kundi zima kwa kumi hizo. Adhana ikiadhiniwa, funga, andika saa uliyomaliza. Wiki ijayo keti palepale, muda uleule. Ukihama mahali au ukakaa nusu saa badala ya saa nzima, andika pia, kwa sababu aliyekaa muda mrefu ataona wengi hata kama kunguru hawakuongezeka. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Wanaleta idadi bila muda, na idadi bila muda ni sawa na bei bila kipimo: shilingi mia, ya kilo au ya gunia?

Kazi hii ina jina, sayansi ya wananchi, na wazo lenyewe ni kongwe. Huko Marekani palikuwa na desturi ya watu kutoka siku ya Krismasi na bunduki, makundi yakishindana nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Mwaka 1900 bwana mmoja, Frank Chapman, akapendekeza watoke wahesabu badala ya kuua. Mara ya kwanza walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo haijakatika tangu wakati huo, na leo mtu akitaka kujua ndege gani wamepungua na wepi wamesogea kaskazini, anafungua kumbukumbu za watu ambao wengi wao hawakuwa wanasayansi hata kidogo. Walikuwa makarani, wakulima, wake kwa waume, waliotoka kwenye baridi kali siku ambayo wenzao walikuwa mezani.

Kwetu pia yapo. Mwaka 2016 kaskazini mwa Kenya mamia ya watu walitumwa na kamera kuwapiga picha punda milia wa Grevy, na wakaambiwa wapige ubavu wa kulia tu. Kwa nini wa kulia? Kwa sababu mistari ya ubavu mmoja hailingani na ya mwingine, na hakuna punda wawili wenye mistari sawa. Ukichanganya kulia na kushoto, punda mmoja atahesabiwa wawili. Walikuwamo wanafunzi, walikuwamo wafugaji, na hesabu yao ndiyo iliyotumika. Halafu kuna Kenya Bird Map, ramani ya ndege inayochorwa na wenye kujitolea. Nchi nzima imekatwa viraka vya kama kilomita tisa kwa tisa. Unachagua kiraka chako, unatumia angalau saa mbili kutafuta ndege wote unaoweza, na unaandika kila aina. Uzuri wake ni kwamba mwaka 1989 ilichapishwa atlasi ya ndege wa Kenya, kwa hivyo tunaweza kulinganisha: ndege huyu alikuwapo hapa wakati ule, je, leo yupo? Viraka vya mbuga maarufu vimeandikwa mara nyingi mno. Viraka vya mitaa kama yetu, vya majumba, matope na majaa, ndivyo watu hawaendi. Mtu atasafiri hadi Nakuru kumwandika heroe na asimwandike yangeyange aliyesimama juu ya jaa la mtaani kwake.

Kwa wenye simu zenye kamera, kuna programu ya bure iitwayo iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo huko California. Unapiga picha ya mdudu, jani, kaa, chochote, nayo inachukua tarehe na mahali. Inakupa makisio ya jina, kisha watu wengine duniani wanakubali au wanapinga. Bando si lazima uwe nalo palepale. Unapiga picha porini na kuzituma ukifika kwenye mtandao. Nawaonya lakini: makisio ya mashine ni makisio. Mimi mwenyewe, na ualimu wangu wote, nilimpiga picha kituitui mmoja kwenye matope nikamwandika kwa jina la ndege adimu, nikajivuna siku mbili nzima. Siku ya tatu kijana mmoja, umri wa wajukuu zangu, akaniandikia kwa upole kwamba niangalie rangi ya miguu. Nikaiangalia. Nilikasirika kwanza, nisiwafiche. Baadaye nikaona kwamba huo ndio uzuri wa jambo lenyewe, kosa langu limeonekana na limesahihishwa, halikuozea ndani ya daftari. Na kuhusu kuozea: daftari langu la kwanza, la miaka kadhaa, liliwekwa chini ya kitanda na likaliwa na mchwa. Lote. Kwa hivyo andikeni, na mwandike mara mbili.

Kuna jambo linaloniudhi katika hizi programu na katika sayansi kwa jumla, ni majina. Kijana anaona ndege ambaye babu yake anamwita membe, anapewa jina la Kiingereza na la Kilatini, na baada ya mwaka mmoja la babu limemtoka. Mle ndani unaweza kuongeza jina la Kiswahili. Fanyeni hivyo. Lakini muulize mzee kwanza, na mwandike ni la wapi, maana jina moja, Lamu na Vanga, huenda likawa la viumbe wawili tofauti.

Nitawapa kisa. Mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini, bibi mmoja aliyesimamia jumba la makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alikuta kwenye mzigo wa meli ya uvuvi samaki wa buluu mwenye mapezi manene kama miguu. Wataalamu waliamini samaki wa ukoo huo walitoweka zama za dinosauri, miaka kama milioni 66 iliyopita. Wakatafuta wa pili. Profesa J.L.B. Smith akachapisha karatasi zenye picha yake, pauni mia moja kwa atakayempata, akazisambaza pwani yote hii ya Afrika Mashariki na visiwani, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Miaka 14 ikapita. Desemba 1952, kisiwani Anjouan, ambacho wenyewe wanakiita Nzuwani, mvuvi Ahamadi Abdallah akamleta samaki sokoni auze. Mwalimu wa shule aliyekuwa ameiona ile karatasi akamtambua, na samaki akapelekwa mbio upande wa pili wa kisiwa. Sasa hapa ndipo ninapotaka msikie: wavuvi wa Nzuwani hawakushangaa samaki huyo. Walikuwa na jina lake, gombessa. Walimvua mara chache, na nyama yake hawakuipenda sana. Miaka 14 dunia inatafuta, na wenye kumjua wako palepale, wanavua. Karatasi ilikuwa kwa lugha tatu na hakuna hata moja waliyoongea nyumbani kwao. Na msidhani ni mambo ya mbali, mwaka 2001 gombessa alinaswa na meli ya uvuvi Malindi hapo.

Mzee wangu pale amenyanyua mkono. Anasema wao nyangumi wanawaona kila msimu wa kusi. Sawasawa, maalim! Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hivi, wanatoka kwenye bahari za baridi kuja kuzaa. Na waliosaidia kuthibitisha hilo ni manahodha na wavuvi, waliokuwa wakitoa taarifa za siku na mahali walipowaona. Mzee, wewe umewaona miaka mingapi? Arobaini. Umeandika wapi? Anacheka. Baada ya kikao hiki mimi na wewe tutakaa, na mjukuu wako ataandika.

Msiseme sisi si watu wa kutazama. Tajeni mitaa ya mji huu: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mkunguni, Mkomani. Waliotangulia walipita wakauona mti, wakaufanya anwani. Ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya mimea ya Mombasa, na imeandikwa kwenye matatu. Kazi moja ndogo ningependa watoto wa shule waifanye ni kwenda kwenye kila mtaa wenye jina la mti na kuandika kama mti huo ungalipo, hata mmoja.

Nije kwenye mikoko, maana hori letu la Tudor liko chini ya pua zetu, na hapa nina dukuduku. Kenya ina aina tisa za miti hii ya baharini na lugha yetu inazo kwa majina: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi na wenzake. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele, unapigwa na maji. Mkoko hufuata nyuma. Mkandaa na mchu unawakuta juu zaidi, ardhi inapokauka kidogo. Mvuvi yeyote anajua, ndiyo maana anajua kaa wako wapi. Sasa huja Jumamosi watu na fulana mpya, wana bango na mpiga picha, wanapanda miche ya mkoko kwenye tope la mbele kabisa kwa sababu ndiyo miche rahisi kupata na ndilo tope lililo wazi. Wanahesabu walichopanda, wanakitangaza, wanaondoka. Nani anarudi kuhesabu kilichoishi?

Mwaka fulani nilirudi. Nilikuwa nimefunga utepe kwenye miche ya safu moja, siku hiyohiyo ilipopandwa, na baada ya kusi moja nikaenda na vijana wawili. Iliyobaki haikufika nusu, na mingi ya iliyobaki ilikuwa imeegemea kama mtu mwenye kisunzi. Nilipeleka hesabu hiyo kwa waliopanda. Hawakuipenda. Mmoja aliniuliza kama nilitumwa. Sikutumwa na mtu. Ila mwaka uliofuata walipanda nyuma zaidi, na kabla ya kupanda wakamuuliza mvuvi. Kwa hivyo hesabu ya pili ilifanya kazi, ijapokuwa hakuna aliyenishukuru, na sikuitafuta shukrani hiyo, au niseme niliitafuta kidogo.

Pia pale kwenye hori la Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa kwa wingi. Na mwaka huo huo wa 1998 bahari ilipata joto, matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na mengi yakafa. Waliokwenda baharini kila siku ndio walioyaona mapema kuliko ofisi yoyote. Leo kuna watafiti hapahapa Mombasa wanaopokea taarifa za mabadiliko ya matumbawe kutoka kwa wazamiaji na wavuvi. Ukiona jiwe la matumbawe limepauka kama chokaa, taja siku, taja mahali, taja kina.

Nina tahadhari mbili na nitazisema haraka. Ya kwanza, si kila unachokiona ukitangaze. Kiota cha kasa ufukweni, malalo ya bundi, mmea ambao watu huung'oa kuuza, picha yake yenye ramani ni kama kumwelekeza mwizi mlangoni. Programu nyingine huficha mahali halisi pa viumbe vilivyo hatarini, lakini msiiachie programu peke yake akili zenu. Ya pili ni kwa wageni wetu wa vyuoni, na naona wawili wamekuja, karibuni sana. Mkija kukusanya hesabu za watu hawa, rudini. Mlete karatasi moja, kwa Kiswahili, mtuambie mlipata nini. Watu wa Tudor wamejaza madodoso mengi ambayo hawajawahi kuona mwisho wake, na mtu aliyejitolea mara mbili bila jibu, mara ya tatu atakuambia kunguru ni tele.

Kijana ananiuliza hapa: akiketi saa nzima asimwone mnana hata mmoja, amepoteza wakati? Hapana mwanangu. Andika mnana, sifuri. Nyanya yangu angeandika sifuri ya kwanza kwenye mkungu wake, leo tungejua mwaka.

Basi, mipango. Jumamosi hii ni siku za bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana, yatakauka kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Tukutane saa tatu chini ya mwembe wa pale kwenye ngazi za kushukia hori, tutapita kwenye mikoko na kuhesabu miche ile yenye utepe. Njooni na viatu vya kufunga, kandambili zitabaki kwenye tope. Kofia na maji ya kunywa. Penseli, si kalamu, maana wino ukiguswa na maji ya chumvi unakimbia. Mwenye simu na aje nayo, asiye nayo atashika daftari, na mwenye daftari ndiye atakayesoma saa. Na nyinyi mlioko mlangoni, nimeshaandika majina yenu.